Chora Ulichokiona

Mimi niliishia darasa la nne. Nalitanguliza hilo ili anayetaka kuacha kusoma aache hapa hapa, asije akafika katikati akaanza kuniuliza cheti. Cheti sina. Nina nyumba ya bati, nina mikorosho niliyoipanda kwa mkono wangu, nina watoto waliosoma kunizidi, na nina darubini. Nasema darubini ya kutazamia vitu vidogo, ambayo wasomi siku hizi wanaiita hadubini. Mimi niliikuta inaitwa darubini, na itanizika ikiitwa hivyo hivyo.

Nilizaliwa upande wa Lisekese. Wakati wetu nafasi za kwenda darasa la tano zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Mtihani niliufanya, jina halikutoka, baba akanipa jembe. Nilipopata nguvu za kijana nikashuka Masasi mjini kutafuta kazi, nikapanga chumba Mkomaindo, nikaajiriwa kufagia hospitali. Katika kufagia huko ndiko nikaingia maabara. Mtaalamu wa maabara alikuwa mzee mmoja mnene, mkali, asiyependa kuosha slaidi. Slaidi ni vile vipande vyembamba vya kioo vinavyopakwa damu au choo cha mgonjwa. Basi nikawa naosha mimi. Niliosha mwaka mzima. Siku moja akaniuliza:

"Wewe kila siku unaosha. Unajua unaosha nini?"

"Naosha damu za watu, Mzee."

"Njoo uone ulichokuwa unakimwaga."

Nikainama kwenye darubini, nikaona kope zangu mwenyewe, nyeusi, zimesimama kama fito za ua. Akacheka mpaka akakohoa. "Rudi nyuma kidogo! Darubini haitaki kukumbatiwa." Nikarudi nyuma, na kweli ikafunguka. Akanionyesha mdudu wa malaria: kipete chembamba ndani ya chembe ya damu, na kwenye kipete hicho doa moja jekundu kama kito. Nikamuuliza, "Huyu ndiye aliyemuua mdogo wangu?" Akasema, "Inawezekana." Nikaomba nimtazame tena.

Tangu hapo nikajifunza. Sikufundishwa darasani, nilifundishwa kwa kukemewa. Miaka ikapita, nikawa nasoma slaidi nyingi kuliko vijana waliotoka chuoni, na wao wenyewe walikuwa wananiita pembeni: "Mzee, hebu njoo uangalie hii." Lakini kwenye karatasi nilikuwa mhudumu wa usafi.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Wengine wanaiita miaka ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuvaa mitumba, na ruksa kupunguzwa kazi. Waliopunguza waliangalia vyeti, asiye nacho akatangulia mlangoni. Sikulia. Kwenye mnada wa vitu chakavu nikanunua darubini moja kuukuu, ile isiyotumia umeme, yenye kijikioo chini cha kukamatia mwanga wa jua. Watu wakanicheka. "Wenzio wananunua baiskeli, wewe unanunua bomba la kuchungulia?" Nikaifunga kwenye shuka, nikapanda nayo Newala, nyumbani kwao mama wa watoto wangu.

Huko juu nikajitengeneza upya. Ushirika haukuwa tena mnunuzi peke yake, walikuja wanunuzi binafsi na malori yao, mimi nikawa mtu wa kukusanya korosho vijijini na kuwafikishia. Baadaye nikafungua duka. Darubini niliiweka juu ya kaunta, kati ya sabuni na vibiriti. Mteja akitaka kuona mguu wa nzi, nilimwonyesha bure. Wengine walikuja kununua chumvi wakaondoka bila chumvi.

Sasa nifike kwenye shule. Sekondari yetu tuliijenga sisi wazazi, matofali yetu, korosho zetu. Mkuu wa shule alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa hapa hapa, mpole mpaka anakera. Mwalimu wa sayansi alikuwa mmoja tu, kijana kutoka kanda ya ziwa, ametoka kidato cha sita, anasubiri chuo. Huyo ndiye aliyekuja dukani kununua sukari akaiona darubini yangu. Akasimama mdomo wazi.

"Shikamoo Mzee. Hii ni ya kweli?"

"Marahaba. Ishike."

Akaishika kwa kichwa, kama mtu anayenyanyua kuku kwa shingo. Nikampiga mkono. "Shika hapa mgongoni, na mkono wa pili weka chini. Umefundisha darubini lini?"

"Nipo nayo wiki ya tatu, Mzee."

"Umeishika lini?"

Akatazama chini. "Leo," akasema.

Nampenda mtu anayesema ukweli kwa haraka. Nikafunga duka, tukaenda shuleni pamoja.

Kidato cha nne walikuwa kumi na mmoja. Ubaoni kulikuwa na darubini kubwa ya chaki, nzuri, imechorwa kwa rula, na mishale kumi na mitatu. Wakasimama, wakaimba sehemu zote kumi na tatu kwa Kiingereza, bila kukosea, kama watoto wa madrasa. Nikaweka darubini yangu mezani. Nikamwambia binti mmoja wa mbele, mwembamba, mtu wa Nanganga aliyekuwa anakaa Newala kwa shangazi yake: "Nionyeshe lenzi." Akaipita iliyokuwa mezani, akanyoosha kidole ubaoni.

Darasa halikucheka. Hapo ndipo nilipoona ubaya wake. Hakuna aliyejua kwamba kuna cha kuchekesha.

Lazima nieleze kilichokuwa kinagombewa, maana bila hicho mtaona nilikuwa mzee mgomvi tu. Shule isiyo na maabara, watoto wake walikuwa wanafanya mtihani wa biolojia wa karatasi peke yake. Wanachorewa kifaa, wanaulizwa hiki kinaitwaje, hiki kazi yake nini, basi. Shule ikitaka watoto wake wafanye mtihani wa vitendo, wa kushika na kutazama, ilibidi mkaguzi aje, aone vifaa, aone wanafunzi wanavitumia, kisha aandike barua ya kukubali. Mkuu wa shule alitaka karatasi. "Karatasi haina makuu," alisema, "karatasi haivunjiki." Mimi nilitaka mikono. Nikamwambia kwenye kikao cha wazazi, mbele ya watu: "Mtoto aliyechorewa darubini ni sawa na mtoto aliyechorewa ugali. Mwalimu, wewe ukichorewa ugali unashiba?" Wazazi wakapiga meza. Ikaamuliwa mkaguzi aitwe.

Tulikuwa na miezi minne. Nilikuwa nafunga duka siku tatu kwa wiki, saa za jua kali. Kiingereza sijui, nikafundisha kwa Kiswahili, na nikiishiwa naongeza Kimakonde, na wale wa Kimakua na Kiyao wakajitafutia wenyewe. Kanuni ya kwanza ilikuwa moja: shuka ukitazama pembeni, panda ukitazama ndani. Maana yake, unapoishusha lenzi kuelekea slaidi, jicho liwe nje, uone nafasi iliyobaki. Unapoipandisha kutafuta picha, hapo ndipo uchungulie. Mwenye kuchungulia huku anashuka ataisikia slaidi inalia. Kijana mmoja mrefu, mcheshi wa darasa, aliivunja siku ya kwanza. Sikumchapa. Nilimwambia akusanye vipande vyote, hata vile vya ukubwa wa punje ya mtama, avipange viwe slaidi tena. Alikaa sakafuni mpaka kengele ya mchana. Hakuvunja nyingine, wala hakuna mwingine aliyevunja.

Kanuni ya pili: usifumbe jicho la pili. Anayefumba jicho anachoka, na aliyechoka anaona anachotaka kuona. Waliumia macho, wakalalamika, nikawaambia walalamike macho wazi.

Somo la kwanza niliwakatia herufi ya gazeti. Wakaitazama, ikaonekana imepinduka, miguu juu. Ukiisukuma kushoto inakimbilia kulia. Yule mrefu akasema, "Mzee, darubini yako inasoma kutoka upande wa Kiarabu." Nikawaambia wafikirie mtu anayejinyoa kwenye kioo, mkono unavyokataa kutii siku za kwanza, halafu unazoea. Wakazoea.

Kazi ngumu ilikuwa kuchora. Tulimenya ngozi nyembamba ya kitunguu, ile ya ndani inayopita mwanga, nikawaambia wachore. Nikapita nyuma yao. Wote kumi na mmoja walikuwa wamechora matofali yaliyonyooka, sawasawa, yenye kiini katikati kama yai. Nikainama kwenye darubini. Humo hamkuwa na matofali ya namna hiyo. Kulikuwa na vyumba virefu vilivyopinda, kingine kimechanika, na juu yake povu la hewa kubwa kama sahani.

"Povu liko wapi kwenye mchoro wako?" nikamuuliza binti wa Nanganga.

"Kitabuni halimo, Mzee."

"Nani alikuwa anatazama, wewe au kitabu?"

Nikakusanya vitabu vyote vya biolojia, vilikuwa vitatu, nikavifungia kabatini. "Chora ulichokiona. Ukiona povu, chora povu, andika ni povu. Ukiona unyoya wa blanketi, chora unyoya."

Mwalimu kijana akanivuta pembeni. "Lakini Mzee, kwenye mtihani wanataka ule wa kitabuni."

"Basi kitabu kiende kikafanye mtihani."

Tulitazama kila kilichopatikana. Jani la mkorosho. Bawa la nzi. Na ming'oko. Kwa asiyejua, ming'oko ni mizizi ya porini tunayochimba huku kwetu, myembamba kama vidole, inachemshwa, inauzwa barabarani, inaliwa kwa chumvi na pilipili. Ukikwangua mng'oko mbichi ukauweka kwenye slaidi, unaona chembe za wanga, mviringo, zinang'aa, tele kama mchanga. Ukizidondoshea ayodini, ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda, zinageuka buluu nyeusi. Watoto walizipenda hizo kuliko kitunguu. Walikuwa wamekula ming'oko tangu kuota meno, hawakujua wanakula nini.

Na slaidi tuliziosha. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea. Masasi hospitalini niliosha slaidi kwa maji ya bomba yanayotiririka. Newala maji hayatiririki. Juu ya uwanda huu mwanamke anashuka bondeni na ndoo na kupanda nayo mlima, au anakinga mvua kwenye kisima cha saruji na kuikalia miezi sita. Huku maji hayamwagwi. Ya kunawia yanafulia, ya kufulia yanakwenda kwenye mpapai. Nilipoweka beseni moja la kuoshea slaidi na kusema lisimwagwe mpaka Ijumaa, hakuna aliyeshangaa, na mimi mwenyewe sikujishangaa. Ndivyo tulivyo.

Mkaguzi alikuja mwezi wa saba, siku ya ukungu. Ukungu wa Newala unapanda kutoka bondeni asubuhi, unaingia mpaka ndani ya nyumba, huoni mkorosho wa jirani. Alifika saa mbili, kijana wa miaka thelathini na kidogo, mtu wa kaskazini, amevaa sweta na bado anatetemeka. Mkuu wa shule akanitambulisha. Yule kijana akanipa mkono.

"Habari yako, Mzee."

Nikauacha mkono wake hewani. Ningeweza kumzaa. Nikamwangalia mpaka akakumbuka kwao.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu Newala."

Mkuu wa shule alifumba macho kama mtu anayeumwa jino. Mkaguzi akasema tuanze mara moja, ana shule nyingine Masasi mchana. Nikamwambia haiwezekani, darubini hii inakula jua, na jua halijatoka.

"Kwa hiyo ni mbovu."

"Si mbovu. Ina njaa."

"Mzee, Serikali haisubiri jua."

"Basi leo Serikali haitaona kitu."

Mkuu wa shule akamkimbiza ofisini kwenye chai. Wakampelekea sahani ya ming'oko. Naambiwa aliuliza hivi ni viazi vya aina gani, akala viwili, akamaliza sahani.

Saa nne na nusu ukungu ukapasuka. Nikageuza kijikioo, mwanga ukaingia. Wanafunzi wakatayarisha kitunguu: mmoja alitoa slaidi kwenye beseni, akaweka ngozi, akafunika. Wakapita mmoja mmoja, wakatazama, wakachora. Mkaguzi akasimama nyuma na kitabu chake mkononi, cha aina ile ile tuliyoifungia kabatini. Akapokea michoro. Akaanza kuipekua. Uso wake ukachangamka, na mimi namjua mtu anayechangamka kwa kosa la mwenzake.

"Hivi vijiduara ni nini?"

Kwenye michoro yote kumi na mmoja kulikuwa na vijiduara vidogo, vimetawanyika kwenye vyumba vya kitunguu.

"Mmechora chembe za wanga?" Akageukia mwalimu kijana, akasema kitu kwa Kiingereza, kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili, polepole, kama anaongea na kiziwi. "Mzee. Kitunguu hakina chembe za wanga. Iko kitabuni. Mtoto yeyote aliyefundishwa na mwalimu anajua. Hawa wamekariri, tena wamekariri makosa."

"Hawakukariri. Wamechora walichokiona."

"Wameona kisichokuwepo?"

"Umetazama?"

"Nini?"

"Nakuuliza wewe. Umesimama hapo na kitabu tangu saa nne na nusu. Umetazama?"

Mkuu wa shule akasema, "Mzee mwenzangu, tafadhali." Sikumsikia. Nikavuta kiti, nikakigonga kwa kiganja. Mkaguzi akaangalia darasa, darasa likamwangalia. Hakuwa na pa kukimbilia. Akaketi, akafumba jicho moja kwa nguvu, akakumbatia darubini kama mimi mwaka ule nikiwa na ufagio.

Yule mrefu wa nyuma akanong'ona, "Anaona kope." Nikamkata jicho.

Binti wa Nanganga akasogea. Alipiga goti kidogo, kama anavyoongea na mkubwa. "Samahani, Mwalimu. Hilo jicho lingine usilifumbe. Na rudi nyuma kidogo." Mkaguzi akarudi nyuma. Binti akazungusha skrubu ndogo kwa vidole viwili, taratibu, mpaka yule mtu akaacha kupumua. Akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Nikamuuliza, "Vijiduara vipo au havipo?"

"Vipo," akasema, jicho bado humo.

Ningeishia hapo mngesema nimeshinda. Lakini kitabu nacho kilikuwa kinasema kweli, na mimi nilijua. Kitunguu hakina wanga. Nilikuwa nimesimama pale kidevu juu, na moyoni najiuliza vijiduara vimetoka wapi. Aliyejibu hakuwa mimi.

Binti akaomba atazame tena. Akagusa ukingo wa slaidi kwa ncha ya penseli, kidogo tu. Akainua kichwa.

"Zinatembea."

"Nini zinatembea?" mkaguzi akauliza.

"Chembe. Nikigusa, kuta za kitunguu zinabaki, chembe zinakwenda. Zingekuwa ndani ya chumba zingebaki humo. Hizi ziko juu, kwenye maji." Akadondosha ayodini pembeni ya kioo, akasubiri, akachungulia. "Zimekuwa buluu. Ni wanga. Lakini si wa kitunguu."

Kisha akafanya kitu ambacho sikumfundisha. Alikwenda kwenye beseni, akachovya kidole, akaweka tone moja kwenye slaidi mpya ambayo haijawahi kuoshwa, akatazama tone tupu, bila kitunguu, bila chochote.

"Ni ming'oko ya Jumanne," akasema. "Slaidi zake tuliziosha humu, na maji hatumwagi."

Darasa likapasuka kwa kicheko, na mimi nikahisi masikio yanaungua. Niliyewaambia wasimwage ni mimi. Nikasema hapo hapo, kwa sauti, maana kosa la mkubwa likifichwa watoto wanalirithi: "Kosa hilo ni langu. Slaidi haioshwi kwa maji yaliyooshewa jana. Masasi nilijua, Newala nikasahau."

Mkaguzi akasimama, akainyoosha sweta yake. "Umeona, Mzee? Ndiyo maana watu wanakwenda chuo."

"Nimeona. Na wewe umeona kitunguu leo kwa mara ya kwanza. Tumelingana."

"Somo hili kisheria linafundishwa kwa Kiingereza."

"Aliyekutolea wanga kwenye beseni, alitoa kwa lugha gani?"

Mkaguzi akamuuliza yule binti maswali matatu au manne kwa Kiingereza, naye akajibu, kwa kukwama kwama lakini akajibu, akionyesha kwa kidole kifaa chenyewe, si ubao. Mkaguzi akaandika kwenye daftari lake mstari mrefu. Akaondoka bila kuaga, ila mkuu wa shule aliniambia alibeba ming'oko mibichi kwenye karatasi.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Mkuu wa shule alikuja nayo dukani mwenyewe, ameikunja mara nne. Nikajua ina mema na mabaya. Mema alisoma kwanza: shule imeruhusiwa, kidato cha nne watafanya mtihani wa vitendo. Nikamwambia asome na yaliyobaki.

"Mzee mwenzangu, ni maneno ya kiofisi tu."

"Soma."

"'Mtu asiye na sifa za ualimu asiingie darasani kufundisha.'" Akaikunja tena. "Hakukutaja jina. Kwa kweli ana heshima."

Mama wa watoto wangu alikuwa anapanga sabuni. Akasema bila kugeuka, "Ichukue darubini yako, ikae hapa dukani. Tuone watafanya vitendo kwa kitu gani."

Sikatai, nililifikiria. Darubini ilikuwa yangu. Ningeirudisha kaunta na wangeitwa wote kwenye mtihani wakiwa na ubao na chaki. Nililifikiria kwa muda wa kufungua mfuko wa sukari na kupima kilo moja. Halafu nikamwambia mkuu wa shule: "Hebu rudia hayo maneno."

"Asiingie darasani."

"Baraza ni darasa?"

Alifikiri sana. Alikuwa mtu mwaminifu, hakutaka kudanganya hata barua. "Baraza," akasema, "si darasa."

"Waambie watoe meza."

Basi barua ilisema nisiingie, na mimi sikuingia. Darasa ndilo lililotoka. Tuliweka meza barazani, jua linagonga kijikioo moja kwa moja, tena mwanga ulikuwa mzuri kuliko ndani. Mwalimu kijana alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, akisema kwa Kiingereza niliyoyasema kwa Kiswahili. Wapita njia walisimama, akina mama na ndoo zao kichwani, wakisubiri zamu ya kuchungulia. Slaidi zilioshwa kwa maji safi, kikombe kimoja kwa siku. Kila mwanafunzi alikuja na chake kutoka kwao, na baada ya kuosha kilikwenda kwenye mpapai wa shule. Mama mmoja alinijia juu: "Kikombe kizima cha maji kwa ajili ya kioo?" Nikamweka kwenye kiti, nikamwonyesha tone la kisima chake mwenyewe. Kesho yake alileta viwili.

Mkuu wa shule alikuwa anapita na kusema kwa sauti, ili mtu wa kusikia asikie, "Mzee yupo barazani." Kana kwamba ametangaza kuzuka kwa moto.

Siku ya mtihani wa vitendo niliibeba darubini mwenyewe, kwenye sanduku la mbao nililoichongea, mpaka kwenye kamba waliyofunga kuzunguka jengo. Siku hiyo hata baraza lilikatazwa. Msimamizi, mgeni kabisa, akaniuliza mimi ni nani. Nikasema, "Ni mwenye sanduku." Binti wa Nanganga akalipokea kwa mikono miwili, mmoja mgongoni, mmoja chini, akapita nalo. Mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye gogo ng'ambo ya barabara. Ulikuwa msimu wa korosho, malori yanapita, madalali wananiita, "Mzee, leo huuzi?" Leo siuzi. Jua lilikuwa wazi, nilikuwa naliangalia lisije likaingia wingu, kana kwamba ningeweza kulisogeza. Sikusikia kioo kuvunjika. Nilisikiliza sana.

Walitoka mmoja mmoja, wengine wanaongea kwa fujo, yule mrefu ananyoosha shingo kama twiga. Hakuna aliyenieleza swali, na mimi sikuuliza. Wa mwisho alitoka binti na sanduku. Akapiga goti, akaniwekea magotini.

"Asante, Mzee."

"Mmemaliza wote?"

"Wote kumi na mmoja."

Akaenda. Nikafungua kifuniko kuangalia. Lenzi zimefutwa. Kijikioo kimelazwa kisiingie vumbi. Na lenzi ndogo, ile ya kuanzia kutazama, ndiyo iliyokuwa imezungushwa ikaelekea chini panapowekwa slaidi, si kubwa, kama anavyoiacha fundi anayejua kwamba kuna mtu atakayeanza kazi upya baada yake. Hilo sikuwahi kulisema darasani wala barazani. Walikuwa wameona nikifanya.